Injini Haishuki

Idwal alikuja kutoka Liverpool na kreni ya kukodi,
minyororo, na uso wa mtu aliyekwisha kuamua:
"Tuishushe yote. Tuifungue hadi mfupa."
Miaka sita hajakanyaga Bethesda.
Nikamwambia kreni irudi ilikotoka.
Kilichokufa ni kemshafti. Vilivyo hai vina kosa gani?

Mama ndiye aliyeusikia ugonjwa kwanza.
Miaka arobaini amefundisha piano nyumba kwa nyumba
kwa Morris hii ya kijani, ya mwaka sitini na mbili.
Alikaa, akafumba macho, injini ikinguruma,
akasema, "Wa tatu anaimba nusu pumzi,"
akarudi jikoni kuepua viazi.

Basi tukaanzia mbele.
Grili. Rejeta, iliyotutapikia maji ya kutu miguuni.
Nati ya puli ikakataa spana,
ikakataa matusi ya Kiwelshi,
ikakubali nyundo.
Kifuniko cha cheni kilipotoka tukazungusha polepole
mpaka vidoa viwili vya gia vikatazamana
kama majirani wa ukuta mmoja,
na hapo tukanyamaza, maana hapo hapaguswi ovyo.

Fimbo nane za valvu nikazichomeka kwenye boksi la viatu,
matundu nane, namba nane kwa kalamu ya wanja.
Tapeti zikatokea ubavuni, moja moja,
kwa kidole changu, kwani cha Idwal ni kinene.
Kila moja ilifyonza kidogo kabla ya kuachia,
kama mtoto anayenyang'anywa titi usingizini.

"Na unga wa chuma?" akauliza. "Yai la shafti likilika,
unga wake huenda wapi? Umo kwenye beringi, umo kila mahali.
Unabadilisha kimoja, unaacha sumu."
Sikujibu. Alikuwa sahihi, nusu.
Mvua ilitelezea vilima vya mawe bapa yaliyotupwa na machimbo,
na hakuwa akizungumzia beringi tu.
Mazishi ya baba, ambayo hakuja, yalikuwa juu ya fenda
kati yetu, pamoja na spana ya nusu inchi.
"Nipe hiyo," nikasema. Akanipa spana.

Shafti hutolewa kwa kuzungushwa,
isije ikakwaruza kitanda ilicholalia.
Yeye akavuta, mimi nikapokea kwa kitambaa.
Mayai saba yalikuwa mayai.
La sita kutoka mbele lilikuwa gololi,
duara tupu, halina tena la kuiambia valvu.

Mpya tukaipaka grisi nyeusi, tukapakika hadi viwikoni.
Tapeti mpya pia: ya kale haiozwi kwa shafti mpya,
zitalana zote mbili.
Kisha ile dakika ya kupapasa gizani,
ncha ya nyuma ikitafuta pampu ya oili isiyoonekana,
Idwal kafumba macho kama mamaye, ulimi nje,
"bado… bado…"
tak.
Hakuna aliyecheka. Tulicheka baadaye.

Kemshafti mpya hairuhusiwi kusinzia:
dakika ishirini, mizunguko elfu mbili, bila kupumzika,
ama yai changa litachubuka papo hapo.
Tecwyn wa jirani akatoka na povu la kunyolea shavuni,
akatutazama, akarudi ndani.
Mama mlangoni, chini ya mwavuli, akahesabu kwa kidole pajani:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili,
na wa tatu hakuchelewa.

Tukamwaga oili ingali moto.
Sumaku ikatoka na ndevu, chache, za fedha.
Idwal akazitazama sana. Hakusema "nilikwambia".
Akazifutia kwenye suruali yake nzuri.

"Ibadilishe tena baada ya maili mia."
"Nitasahau."
Akafunga boneti kwa viganja viwili, taratibu,
kama anayefunika chungu ambacho hakijaiva.
"Basi nitapiga simu," akasema.